Alama za Fasihi katika Mji wa Unguja na Faida ya Kukusanya Vijitabu vya Zamani

Mtu akiuliza asili ya Kiswahili Sanifu huambiwa kwa haraka ya kuwa kilitokana na Kiunguja, na jibu hilo limekwisha kuwa la kawaida hata halihojiwi tena. Katika mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928, lahaja ya mji wa Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa lugha ya vitabu na shule. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ili kuisimamia kazi hiyo. Lakini kuna swali la pili ambalo huulizwa mara chache. Baada ya lahaja hiyo kuchukuliwa, kutengenezwa na kurudishwa kwa wenyewe katika vitabu vya shule, wenyewe waliendelea kusema na kuandika. Je, ushahidi wa maneno yao uko wapi?

Ushahidi huo uko pahali pawili. Kwanza, uko katika mahali penyewe: nyumba, kanisa, kasri, bandari na mashamba ambamo maandishi ya Kiunguja yalizaliwa au ambayo maandishi hayo yaliyasimulia. Pili, uko katika vijitabu vya bei nafuu, vyenye majalada laini, ambavyo watu walivinunua, wakaazimana, wakavikunja mifukoni na hatimaye wakavitupa. Makala haya yakusudia kueleza ya kuwa vitu viwili hivyo vyapasa kusomwa pamoja, na ya kuwa kijitabu kilichochakaa, ambacho maktaba nyingi hazikukithamini, chaweza kumfaa mwanachuoni wa lugha kuliko chapa mpya iliyosafishwa.

I. Mkunazini na Kiungani

Safari ya mtafutaji wa alama za fasihi yafaa ianzie Mkunazini. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Waingereza. Mgeni huonyeshwa kanisa hilo kwa ajili ya habari za utumwa, na ni haki aonyeshwe. Lakini nyuma ya madhabahu limo kaburi la Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, na kaburi hilo ni alama ya fasihi vile vile.

Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akaanza kujifunza lugha na kupiga chapa. Mitambo ya chapa ya misheni ilikuwa midogo, na baadhi ya watendaji kazi wake walikuwa vijana waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Kazi za awali zilizotoka humo zilikuwa vijitabu hasa. Mathalan, makusanyo yake ya lugha ya Kishambaa yalipigwa chapa Zanzibar mwaka 1867. Vitabu vyake viwili vikubwa, kile cha sarufi na mazoezi ya Kiswahili na kile cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja, vilitoka London mwaka 1870. Hadithi hizo ni miongoni mwa maandishi ya awali ya nathari ya Kiunguja yaliyopigwa chapa kwa herufi za Kirumi.

Kwa msomaji wa leo, jambo la kwanza litakalomshangaza katika chapa hizo ni tahajia. Ataona neno "killa" lenye herufi mbili za "l", na "gissi" mahali ambapo leo huandikwa "jinsi". Asidhani ya kuwa haya ni makosa ya mpiga chapa. Ni dalili ya sikio la mwandishi lililokuwa likijaribu kukamata matamshi kabla ya Kamati yo yote kukata shauri. Mchapishaji wa baadaye akiyabadili yote kwa tahajia ya sasa, atakuwa amemrahisishia mwanafunzi kazi, lakini atakuwa amefuta ushahidi.

Kusini ya mji, Kiungani, ilikuwako shule ya misheni ambamo mwaka 1888 lilianza kutolewa gazeti la *Msimulizi*. Thamani yake kwa mtafiti ni kwamba waandishi wake wengi walikuwa watu waliojifunza Kiunguja wakubwa, baada ya lugha za kwao za bara. Kwa hiyo gazeti hilo laonyesha Kiunguja kikianza kuwa lugha ya watu wasio wa Unguja, jambo ambalo Kamati ya 1930 ilikuja kulikuta likiwa limekwisha kutendeka kwa nusu karne.

Isisahauliwe ya kuwa herufi za Kirumi hazikuwa peke yake mjini. Katika utawala wa Sayyid Barghash, kati ya 1870 na 1888, serikali ya Sultani ilikuwa na mitambo yake ya chapa, iliyotoa vitabu vya Kiarabu vya elimu ya dini, hasa vya madhehebu ya Ibadhi. Hivyo mji mmoja ulikuwa na milango miwili ya chapa, na Kiswahili kilipita katika yote miwili kwa viwango mbali mbali, maana watu wengi walioandika Kiswahili wakati ule walikiandika kwa herufi za Kiarabu.

II. Kutoka Shangani mpaka Kizimbani

Mfano ulio dhahiri wa maandishi ya namna hiyo ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki mjini Unguja mwaka 1905. Nyumba yake, yenye mlango wa nakshi, iko Shangani. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, kwa kuombwa na Heinrich Brode, ambaye alizigeuza kwa herufi za Kirumi na kuzitoa katika jarida la wanachuoni wa Berlin mnamo 1902 na 1903. Zikaja kutolewa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, katika nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959. Matini moja, basi, imepita mikono mitatu: mkono wa mwenyewe, mkono wa Mjerumani, na mkono wa Kamati. Mwenye kukusanya chapa zote aweza kulinganisha. Mwenye chapa moja tu hana budi kuamini.

Alama nyingine ziko nje ya mji. Mtu akitoka mjini kwa njia ya kaskazini hufika kwenye magofu ya Mtoni, ambako mwaka 1844 alizaliwa Sayyida Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete. Kitabu chake cha maisha kilitolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo aeleza ya kuwa watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani wala hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri, kwa kuiga herufi za msahafu. Elimu hiyo ya siri ndiyo iliyomfanya, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, awe mwandishi wa barua wa upande wa Barghash katika fitina ya mwaka 1859 dhidi ya Sayyid Majid.

Fitina ilipovunjika, alijitenga na mji akaenda kukaa shamba. Sura moja ya kitabu chake yaitwa kwa majina ya mashamba mawili, Kizimbani na Bububu. Mgeni afikaye Kizimbani leo hufika kwa ajili ya miti ya viungo, au kutazama hamamu iliyojengwa wakati wa Sayyid Said. Huelezwa pia, kwa haki, ya kuwa Kizimbani na Mtoni ni miongoni mwa mahali ambapo mikarafuu ilipandwa kwanza katika kisiwa, mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini mwenye kitabu cha Salme mkononi huona jambo jingine: hapa ndipo alipokimbilia mwanamke aliyejua kuandika, baada ya kuandika kwake kumtia hatarini.

Kuna na funzo dogo la lugha. Katika kitabu cha Kijerumani jina la mahali hapo limeandikwa "Kisimbani". Msomaji asiyejua desturi ya Kijerumani aweza kudhani ya kuwa zamani watu walitamka "s". Sivyo, katika Kijerumani herufi "s" ikitangulia irabu husomwa karibu na "z". Mtu akiyafuata maandishi bila ya kufika mahali atapotea, na akifika mahali bila ya maandishi hataona kitu ila kuta.

Tena, neno lenyewe "shamba" lataka uangalifu. Kwa watu wengi wa bara, shamba ni pahali palipolimwa. Kwa mtu wa Unguja, "shamba" ni upande wote wa nchi usio mji. Husemwa "amekwenda shamba" hata kama aliyekwenda hakushika jembe. Tofauti hii ya maana imeenea katika hadithi zote zilizoandikwa na watu wa Unguja, na mhariri asiyeijua aweza kuiharibu kwa kalamu moja.

III. Magazeti, Kamati na vijitabu

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mji wa Unguja ulikuwa na magazeti mengi kwa kadiri ya ukubwa wake. *Samachar* la Kigujarati lilikuwapo tangu 1902. *Al-Falaq* lilianza mwaka 1929. *Mwongozi* likafuata mwaka 1942. Na *Afrika Kwetu* likaja baadaye. Mengi yalitoa habari kwa lugha zaidi ya moja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti ya vyama yalikoma. Nakala zake hazikuwa vitu vya kuwekwa. Zilisomwa, zikafungiwa bidhaa dukani, zikaisha. Hata hivyo, ndizo zilizokuwa shule ya waandishi.

Wakati huo huo vitabu vya Kiswahili vilianza kuja kutoka ng'ambo kwa wingi. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati, aliyefariki mwaka 1937, na wenzake walifasiri hadithi za Kiingereza, miongoni mwazo *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina*. Kamati ilikuwa na kazi ya kusoma miswada na kutoa kibali kwa vitabu ambavyo lugha yake iliridhiwa, na kibali hicho kilipigwa chapa ndani ya kitabu. Mkusanyaji asikipite kibali hicho kwa haraka. Kinamwambia ya kuwa lugha ya kitabu hiki imepita katika chujio. Kitabu kisichokuwa nacho chaweza kuwa na makosa mengi ya chapa, lakini chaweza pia kuwa na maneno ambayo chujio lingeyazuia.

Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, yenye makao yake Nairobi, ili kuchapisha vitabu vya bei nafuu kwa wasomaji wa kawaida. Kwa Unguja, idara hii ilikuwa na maana kubwa. Mwaka 1958 ilitoa vijitabu vya S. S. Farsi vya methali, vitendawili na imani za watu wa Unguja. Mwaka 1960 ilitoa *Kurwa na Doto* cha Muhammad Saleh Farsy, na mwaka huo huo *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, hadithi iliyoshinda katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara nayo ikavunjika, na kazi zake zikarithiwa na wachapishaji wengine. Kwa hiyo nakala za kabla ya mwaka huo hazina mahali pamoja pa kutafutwa.

IV. Majalada yanavyosema

Faida ya vijitabu hivi kwa mtaalamu wa lugha yaweza kuonekana hata kabla ya jalada kufunuliwa. Majina ya vitabu vinne yatosha kuwa mfano.

La kwanza ni *Kurwa na Doto*. Majina haya ya pacha yajulikana sana katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, na huko husemwa "Kulwa". Kiunguja kimelipokea jina kwa "r". Jalada la 1960 limehifadhi matamshi ya Unguja ya neno lililotoka bara. Mhariri mwenye kupenda usawa angaliweza kulirudisha kwenye "l" na kufuta safari yote ya neno hilo. Tena, maelezo yaliyofuata jina la kitabu yasema ya kuwa ni habari za makazi katika kijiji cha Unguja, "yaani Zanzibar". Maneno hayo mawili yaonyesha ya kuwa mchapishaji alikuwa akimfikiria msomaji wa mbali, ambaye jina la Unguja lingemtaka aelezwe.

La pili ni *Mzimu wa Watu wa Kale*. Msomaji wa bara akiona neno "mzimu" hufikiri roho ya mtu aliyekufa. Mtu wa Unguja hufikiri kwanza pahali: pango, mti mkubwa au jabali, ambapo watu huweka sadaka na kufukiza ubani. Maiti ya Bwana Ali yaonekana kwenye mzimu huo, na uchunguzi wote wa Bwana Msa waanzia hapo. Mwenye kuusoma mzimu kuwa ni roho, ataingia katika hadithi akitazamia jini; mwenye kuusoma kuwa ni pahali, ataingia akitazamia nyayo za watu. Mwandishi, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alijua maana zote mbili, na hila ya kitabu imejengwa juu ya ujuzi huo. Watu wamesema mara nyingi ya kuwa Bwana Msa na kiko chake alifuata mfano wa Sherlock Holmes wa Conan Doyle, na ni kweli. Bali Holmes hakuwahi kupewa kitendawili ambacho ufunguo wake ni tofauti ya lahaja.

Msururu wa Bwana Msa uliendelea katika *Kisima cha Giningi* cha 1968, *Duniani Kuna Watu* cha 1973, *Siri ya Sifuri* cha 1974 na vingine, mpaka *Kosa la Bwana Msa* cha 1984. Giningi ni jina mashuhuri katika masimulizi ya uchawi wa Pemba. Asiyejua hilo huona jina tu. Vitabu hivi havikutoka kwa mchapishaji mmoja, na kwa sababu hiyo msururu kamili, katika chapa zake za kwanza, ni shida kuupata.

La tatu na la nne ni ya Shafi Adam Shafi. *Kasri ya Mwinyi Fuad*, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1978, yahusu maisha ya bwana shamba na watumishi wake kabla na baada ya 1964. Jina latumia "kasri ya", ambapo katika maandishi mengi ya bara aghalabu husomwa "kasri la". Katika *Vuta N'kuvute*, kitabu cha 1999, ile "n" yenye alama ya mkato ni "nikuvute" kama inavyotoka mdomoni mwa mtu wa mji. Alama moja ndogo ya uandishi imebeba matamshi ya mtaa mzima. Mtunza orodha ya maktaba akiandika "Vuta Nikuvute", hakukosa maana, ila amepoteza sauti.

V. Ng'ambo, bandari na vibonzo

Vitabu vya Shafi huupanua mji wa kifasihi. *Kuli*, cha 1979, humpeleka msomaji bandarini, kwa wachukuzi waliogoma mwaka 1948. *Vuta N'kuvute* humtoa Yasmin katika nyumba ya mume mzee na kumvusha mpaka Ng'ambo, kwa Mwajuma. Uvukaji huo si wa njia tu. Zamani maji ya hori yalitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na jina la Darajani lakumbusha daraja lililowaunganisha watu wa pande mbili. Mji Mkongwe uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na alama zake zajulikana ulimwenguni. Lakini sehemu kubwa ya Kiswahili cha hadithi hizi chasemwa upande wa pili wa Darajani, ambako hakuna mwongozaji wa watalii anayepita na kitabu.

Lugha ya mtaani ina hazina nyingine, nayo ni hadithi za picha. Katika fungu hili Unguja haiwezi kutazamwa peke yake, maana vibonzo vya Kiswahili vilivyo mashuhuri vilitokea katika magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam: Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu miongo mingi katika *Taifa Leo*, Chakubanga wa Christian Gregory katika *Uhuru*, na baadaye kurasa za *Sani*, jarida lililovuma katika miaka ya 1980. Katika kibonzo mwandishi hana nafasi ya maelezo; maneno yote ni ya wasemaji, nayo ni mafupi, ya mzaha, ya ugomvi na ya biashara. Kamusi za wakati huo hazikuyaandika mengi ya maneno hayo. Mtafiti atakaye kujua neno fulani la mtaani lilianza kuandikwa lini atalikuta katika kibonzo mapema kuliko katika riwaya, maadamu nakala zipo na tarehe zake zajulikana.

VI. Namna ya kukusanya

Kukusanya si kurundika. Kijitabu kisichokuwa na maelezo yake ni nusu ya ushahidi. Yafuatayo ni mambo ambayo mkusanyaji yampasa kuyaandika kwa kila nakala.

Kwanza, aandike jina la mchapishaji na la mpiga chapa kwa kutenganisha, kwa sababu mara nyingi ni watu wawili, na makosa ya herufi ni ya huyu wa pili. Pili, aandike mwaka wa chapa ya kwanza na wa chapa aliyo nayo. Riwaya ya 1960 iliyopigwa chapa tena baada ya miaka ishirini si shahidi wa lugha ya 1960 mpaka zimelinganishwa. Tatu, aandike bei. Bei si jambo dogo. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilichukua mahali pa rupia katika Zanzibar mwaka 1936, basi kijitabu cha Unguja kisichokuwa na tarehe, lakini chenye bei ya rupia, chaelekea kuwa cha kabla ya mwaka huo. Nne, aandike kama kina kibali cha Kamati. Tano, asifute kitu kilichoandikwa kwa mkono: jina la mwenye kitabu, muhuri wa shule, maana ya neno iliyoandikwa pembeni. Msomaji wa Tanga au Mwanza aliyeandika maana ya neno la Kiunguja pembeni mwa ukurasa ametuachia kamusi ndogo ya lahaja bila ya kukusudia. Sita, ayahifadhi matangazo ya biashara na jalada lenyewe, hata likiwa limepasuka, kwa sababu wafungaji wa vitabu katika maktaba walikuwa na desturi ya kuliondoa.

Adui za vijitabu hivi zajulikana. Karatasi yake ni ya bei ya chini, nayo hubadilika rangi na kuvunjika. Hewa ya kisiwani ina unyevu na chumvi. Waya zinazoshika kurasa hupata kutu. Mchwa hamalizi kazi yake kwa siku moja, lakini huimaliza. Yafaa kurasa zipigwe picha mapema, na nakala yenyewe iwekwe mahali pakavu, penye hewa, isifungwe katika plastiki inayozuia jasho la karatasi kutoka. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, iliyoko Kilimani, yajulikana kwa hati zake za Kiarabu na za serikali. Kijitabu cha senti chache kinastahili rafu karibu nazo.

Mfano wa Nigeria wafaa kukumbukwa. Vijitabu vya soko la Onitsha, vya mapenzi, nasaha na visa, vilidharauliwa na wasomi wengi vilipokuwa vikiuzwa katika miaka ya 1950 na 1960. Lakini walikuwako waliovikusanya, na kwa sababu hiyo Emmanuel Obiechina aliweza kutoa kitabu kizima cha uchunguzi juu yake mwaka 1973. Hakuna fasihi ya umma iliyopata kuchunguzwa kabla mtu mmoja hajaiweka sandukuni.

VII. Hatima

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, na tangu hapo wageni wengi zaidi huuliza habari za mji wa vitabu vyake. Mwaka 2022 riwaya yake ya 1994 ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hadithi hiyo ni ya pwani na bara katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza. Mfasiri wa kitabu kama hicho hahitaji Kiswahili cha leo peke yake. Ahitaji majina ya vyombo, nguo, vyeo, biashara na matusi ya wakati ule, kama yalivyosemwa. Atayatafuta wapi? Baadhi atayapata kwa Tippu Tip, baadhi katika hadithi za Steere, baadhi kwa wazee. Yaliyobaki yalikuwa katika magazeti na vijitabu, na humo atayapata ikiwa tu mtu alijizuia asivitupe.

Kiunguja kilitoa lugha yake kwa mataifa ya Afrika ya Mashariki. Jina la Kurwa lenye "r", mzimu ulio pahali, shamba lisilolimwa, na "n" yenye alama ya mkato, ni mabaki ya hesabu ambayo Kiswahili Sanifu hakikuyachukua. Kuta za Mtoni na hamamu ya Kizimbani zina walinzi na wageni wake. Mabaki haya ya lugha hayana mlinzi ila mwenye sanduku la vijitabu, na sanduku hilo, mara nyingi, liko chini ya kitanda katika nyumba ambayo masika ijayo paa lake litavuja.